Isale na Sindano Tatu

Uru, 9 Septemba 2024

Baba Grace,

Salamu nitaziweka mwisho kama zitabaki. Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu nikianza jambo la maana unasema mtandao unakatika, na hili sitaki likatike. Nampa dada Salvina, anayepeleka ndizi soko la Taveta Jumatano na Jumamosi. Amesema akipita hapo mpakani atakukabidhi mkononi, ofisini kwenu, na hataondoka mpaka uipokee.

Nilikuomba mara tatu tuende kliniki pamoja. Ulijua kwamba siku ya kwanza wanataka mama mjamzito aje na mwenza wake wapimwe wote wawili. Hukuja. Basi ikabidi niende kwa mwenyekiti wa kitongoji kuomba barua ya kwamba mume wangu hayupo. Nilimkuta anakunywa chai na watu wanne. Akauliza kwa sauti, "Mama Grace, mumeo yuko wapi?" Nikasema Holili. Akaandika: mwenza yuko safarini. Safarini! Holili, ambako mtu anafika chai ikiwa bado ya moto kwenye chupa. Wale watu wanne walicheka, na mimi nikasema asante.

Ijumaa nikaenda na barua yangu ya aibu. Nesi Magreth akanitoboa kidole, tone moja la damu, vipimo viwili. Virusi vya UKIMWI sina. Kaswende ninayo.

Nilimwambia kipimo chake kimeharibika. Akafungua kingine mbele ya macho yangu. Kikasema vilevile. Nikamuuliza mtoto atakuwaje. Akanijibu bila kunificha: nisipotibiwa mimba inaweza kuharibika, mtoto anaweza kuzaliwa amekufa, au akazaliwa na ugonjwa huo mwilini. Nikitibiwa mapema ana nafasi nzuri. Amenichoma sindano ya kwanza papo hapo. Zitakuwa tatu, moja kila wiki, kwa sababu hatujui nimekaa na ugonjwa huu muda gani.

Praygod, tangu nivae pete yako sijajua mwanaume mwingine. Mimba ya Grace nilipimwa nikawa sina kitu. Kwa hiyo nakuuliza swali moja, na usinijibu kwa swali: umeitoa wapi?

Ndani ya bahasha kuna kikaratasi cha mwenza. Nenda nacho zahanati yoyote, upimwe, utibiwe, wakigonge muhuri, ukirudishe. Mpaka nione muhuri huo, kitandani kwangu hupandi. Nesi amesema hata nikimaliza sindano zangu zote, ukinigusa hujatibiwa tunaanza upya, na mtoto yumo humo humo.

Salamu hazikubaki.

Tabitha


Holili, 14 Septemba 2024

Mke wangu mpendwa,

Barua imefika ikinuka ndizi. Nashukuru mnaendelea vizuri. Hapa kazi ni nyingi, malori yamepanga foleni, na bosi anataka karatasi zote zipite kabla ya mwisho wa wiki.

Sasa, mama Grace, niseme ukweli, umenikera. La kwanza, umekwenda kwa mwenyekiti. Yule mzee hana kifua. Kufikia sasa kijiji kizima kinajua kwamba Praygod Mlay ameshindwa kumpeleka mke wake kliniki. Ungesubiri nipate nafasi.

La pili, ugonjwa wenyewe. Unaandika kama vile umenikamata. Magonjwa haya mtu anaokota popote, hata chooni. Mimi hapa nilipopanga tunatumia choo kimoja wapangaji sita, na wengine ni watu wa kupita tu. Mwenzangu Davis aliwahi kupata muwasho mbaya kwa sababu ya choo hichohicho. Sijisikii chochote, sina kidonda, nakula, nalala. Hata hivyo kwa kukuridhisha nimepita duka la dawa nikaeleza kidogo, nikapewa vidonge vya rangi mbili, siku tano. Nimeshameza. Kwa hiyo yameisha.

Hicho kikaratasi nimekihifadhi. Usimwambie Mama, presha yake unaijua.

Nitakuja mwisho wa mwezi. Usinikazie.

Mumeo,
Praygod


Uru, 17 Septemba 2024

Baba Grace,

Choo!

Nimesoma mara mbili nikidhani macho yangu yana ukungu. Nimempelekea nesi Magreth maneno yako kama yalivyo, akaweka kalamu chini. Amesema kaswende haikai chooni ikimsubiri karani wa forodha. Inatoka kwa mtu kwenda kwa mtu wakilala pamoja bila kinga, na inatoka kwa mama kwenda kwa mtoto aliye tumboni. Amesema pia kwamba kidonda chake hakiumi na hupotea chenyewe, ndiyo maana watu kama wewe hujiona wazima, mnatembea nayo mpakani mkigonga mihuri ya watu wengine.

Na vidonge! Ulimeza dawa gani, ya ugonjwa gani, kwa kipimo cha nani? "Nikaeleza kidogo." Muuzaji amekupa kilichokuwa karibu na mkono wake, na wewe umemeza ili uniandikie kwamba yameisha.

Mimi Ijumaa nimechomwa ya pili. Dawa yenyewe nzito kama uji, inaingia taratibu, mguu unakufa ganzi mpaka jioni. Nimekata majani ya ng'ombe nikichechemea. Mama akaniuliza nimefanyaje, nikamwambia nimeteleza kwenye mfereji. Nimemdanganya mama yako kwa ajili yako, akanikanda na maji ya chumvi akinisikitikia. Unajua ilivyo kukandwa na mkwe kwa ajili ya uongo?

Miaka yote hii nikitaja kondomu umeniambia hizo ni za watu wa barabarani. Praygod, wewe unaishi barabarani. Kama ulishindwa kutulia, ulishindwa na hilo pia? Pale ofisini kwenu kila kitu kinachovuka lazima kikaguliwe. Ni wewe tu uliyevuka bila kukaguliwa.

Mwisho wa mwezi ukija bila muhuri utalala sebuleni. Nimeshaweka blanketi.

Tabitha


Holili, 6 Oktoba 2024

Tabitha,

Sikuja mwisho wa mwezi kwa sababu sina mazoea ya kulala sebuleni nyumbani kwa baba yangu.

Lakini nimepima. Fungua kikaratasi chako usome mwenyewe, macho yako si yana ukungu? Jina: Praygod Mlay. Kaswende: hana. Virusi: hana. Tarehe nne, muhuri, sahihi ya mhudumu. Umeona?

Sasa ni zamu yangu kuuliza. Mwezi mzima umeniita kila jina. Choo, barabara, vidonge. Nimevumilia. Mimi ni mzima, karatasi inasema, wewe ndiye uliyekutwa nayo. Nani, Tabitha? Nimekaa nikafikiria nani anaingia na kutoka pale kwetu. Kuna yule mtaalamu wa mifugo anayekuja na pikipiki kupandisha ng'ombe kwa mbegu za chupa. Kila akija anapewa chai. Mara ya mwisho nilimkuta amekaa kwenye kiti changu.

Simtuhumu mtu. Nasema tu nimeumia, na nadhani nina haki ya kuombwa radhi.

Praygod


Uru, 24 Oktoba 2024

Kwa Praygod Mlay wa kweli, kama bado yupo,

Jana dada Salvina amekaa jikoni kwangu anamenya ndizi ambazo sikumwomba amenye. Mwishowe akaweka kisu chini. Akasema tarehe nne, siku ya Ijumaa, alikwenda Holili kuwaona wateja, akaingia zahanati kupima presha. Alikaa kwenye benchi. Mhudumu akatoka na karatasi akaita, "Praygod Mlay!" Salvina akainua kichwa akusalimie. Akasimama Davis. Davis, yule mwenzako mrefu, na kofia yake ya kijani. Akasema, "Nipo." Akapokea karatasi yako, akaikunja, akaondoka anapiga mluzi.

Salvina alinyamaza wiki tatu kwa kuogopa kuvunja nyumba ya watu. Namshukuru amechoka kunyamaza.

Nataka ujue ulichonifanyia katika wiki hizo. Barua yako ilipofika nilikaa kwenye ngazi za jikoni nikaanza kujihesabia maisha yangu yote, kama mwizi anayejaribu kukumbuka ameiba nini. Nilirudi kwa nesi Magreth na kikaratasi. Akakisoma, akaniangalia, akasema kwa upole, "Mama Grace, kama kuna kitu hujaniambia, hapa ni siri." Nilitamani ardhi inimeze. Nililia mbele ya foleni ya watu. Yule mtaalamu wa mifugo alipokuja, mtu mwenye wajukuu, nilijifungia ndani nikimwacha anabisha hodi, kwa sababu ya sentensi yako kuhusu kiti. Joto la ng'ombe limepita hajapandishwa. Mama ananiuliza kwa nini, na mimi nateleza tena kwenye mfereji.

Nilikaribia kuamini. Hilo sitalisahau. Ulinifanya niutilie shaka mwili wangu mwenyewe.

Sasa nikuulize, ulidhani kikaratasi ni cha nini? Ulidhani ni kama ile mizigo yenu, karatasi ikigongwa muhuri lori linapita? Damu ya Davis haimo tumboni mwangu, Praygod. Davis anaweza kuwa mzima kama chuma, haimsaidii mwanao kitu. Nimemaliza sindano zangu tatu peke yangu. Zako hakuna anayeweza kuchomwa badala yako.

Usiniandikie mpaka uwe umepima wewe.

Tabitha


Holili, 20 Novemba 2024

Mama Grace,

Kwa kuwa ulisema nisiandike, nilinyamaza. Lakini sasa naona njia imefunguka, namshukuru Mungu.

Baba mkubwa Ndelilio amenipigia kunieleza jinsi Jumapili ilivyokwenda. Kwamba yeye na Mama walikuja mbele yako baada ya ibada, na jani la isale lililofungwa fundo, na kibuyu cha pombe ya mbege, wakakuombea msamaha kwa niaba yangu. Na kwamba ulilipokea kwa mikono miwili. Nilifurahi sana. Hata Davis anakusalimia.

Unajua vizuri kuliko mimi, isale likishapokelewa mjadala umefungwa. Babu zetu waliacha kuuana kwa sababu ya jani hilo, sembuse mimi na wewe. Wazee niliwaeleza tu kwamba nilikutolea maneno mabaya kwenye simu kwa hasira. Haikuwa lazima wajue zaidi, na wewe nashukuru hukusema. Hiyo ndiyo heshima ya mwanamke.

Kwa hiyo nakuja tarehe 22 Desemba, nyumbani kwangu, kama watu wote wanavyorudi Krismasi. Mwambie Mama achague mbuzi. Na blanketi la sebuleni lirudishe kabatini. Kitanda kitandikwe. Tuanze upya.

Mumeo,
Praygod


Uru, 25 Novemba 2024

Baba Grace,

Nimepokea isale, ndiyo. Baba mkubwa ana miaka themanini na mbili na magoti mabovu, na alipiga goti kwenye sakafu ya saruji. Ningefanyaje? Ningemwambia mbele ya mama yako aliyesimama na kibuyu cha mbege, "Mzee, inuka, mwanao ana kaswende"? Nilinyamaza kwa heshima yao. Usiseme ni heshima yako.

Na nilipopokea sikuigiza. Jani hilo linaomba msamaha, nami nimekusamehe. Maneno ya kiti, Davis, yote. Nimelipanda kando ya zizi na nimelimwagilia.

Lakini isale halikuchomwa sindano. Halikutobolewa kidole. Lilisamehe ulichofanya, halikuondoa kilichomo. Mtoto anacheza sasa, anapiga teke upande wa kulia kila nikikaa kukamua. Nimechomwa mara tatu kwa ajili yake, na sitamrudisha mahali nilipomtoa kwa sababu wazee wamekunywa mbege.

Kitanda nimekitandika. Nalala mimi na Grace.

Tabitha


Uru, 1 Desemba 2024

Praygod,

Hii nimeandika mwenyewe, sikumtuma Grace aniandikie, maana haya si ya macho ya mtoto. Ukiona herufi zimepinda ujue ni hasira, si uzee. Soma polepole.

Ulinipigia simu ukasema, "Mama, nimemtukana mke wangu, nisaidie na isale." Nikaona mwanangu ni muungwana. Nilikwenda mwenyewe mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba, nikachagua jani zuri lisilo na doa, nikalifunga fundo, nikamwambia baba yako mkubwa avae koti lake la kanisani. Ukampigisha mzee yule goti kwa uongo.

Ijumaa nimemkuta Tabitha anahamishia nguo zake chumbani kwa Grace. Nikamkemea. Nikamwambia isale limepokelewa, mwanamke wa hapa hafanyi hivyo, anawaaibisha wazee. Akaingia ndani, akaniletea kadi yake ya kliniki na barua zako zote. Nikavaa miwani. Nimesoma ya choo. Nimesoma ya kiti. Nimesoma uliposema kitanda kitandikwe.

Sasa nikwambie la kwangu, ambalo hata dada zako hawalijui.

Kule nyuma, baada ya mti wa mwisho wa kahawa, kuna masale mawili ambayo yamenipita urefu. Ulipokuwa na miaka saba uliyakata majani yake ufanye panga la kuchezea, nikakuchapa mpaka jirani akaja kukuokoa. Hukujua kwa nini. Wamelala watoto wangu pale. Wa kwanza ni mwaka 1979. Alikuwa msichana. Alitimiza miezi minane tumboni akatoka kimya, ngozi yake inachubuka nikimshika. Baba yako wakati ule alikuwa na kazi kwenye mashamba ya miwa huko chini, anapanda nyumbani mwisho wa mwezi, kama wewe. Nikasikia habari za mwanamke wa huko. Nikafunga nguo zangu nikarudi kwetu.

Wakaniletea isale. Nikalipokea, maana halikataliwi. Wakanywa mbege wakasema yamekwisha. Nikarudi nikatandika kitanda. Mwaka 1981 nikazika wa pili.

Hakuna aliyenipima, Praygod. Hakuna aliyempima yeye. Walisema nina mkosi. Shangazi yako alisema mimi nimelogwa, asikae na mimi jiko moja. Nilitembea hapa kijijini watu wakivuta watoto wao pembeni. Mpaka mwaka 1983 daktari mmoja hospitalini akatupima, akasema ni damu, si uchawi, ina dawa. Mimi nilichomwa siku ileile. Baba yako alikataa wiki tatu, mpaka mchungaji akamshika mkono akampeleka kama mtoto. Baada ya hapo ndipo wakaja dada zako, na mwisho ukaja wewe. Wewe ni mtoto wa sindano. Isale lingekuwa linatosha, ungekuwa na dada mwenye miaka arobaini na mitano.

Baba yako nilimsamehe. Nilimsamehe kweli, nikamuuguza, nikamzika vizuri. Na masale yale bado yapo pale, nayapita kila siku nikienda kukata majani.

Na wewe ukanitia mkononi jani lilelile nimpelekee mke wako mjamzito. Mimi! Ukanifanya nimfanyie yeye waliyonifanyia mimi, na kibuyu cha mbege juu. Sijawahi kukasirika hivi tangu nizaliwe.

Jana nimekata isale lingine. Nimelifunga, nimempelekea Tabitha kwa ajili yangu mwenyewe. Sikumtuma mtu. Ameniinua kabla sijafika chini.

Utakwenda zahanati kwa miguu yako, na kwa jina nililokupa mimi. Utamwambia mhudumu kila kitu, pamoja na Davis, na utaomba radhi kwa kumdanganya. Huyo mtu mwingine, nani sijui na sitaki kujua, utamwambia naye apime, kwa sababu na yeye ana mama. Ukimaliza utakuja. Getini nitasimama mimi, na miwani ninayo.

Mama yako,
Aikaeli


Holili, 5 Desemba 2024

Mama, na Tabitha,

Naandika nimesimama, kukaa siwezi. Leo asubuhi nimechomwa ya kwanza.

Tabitha alisema kweli kuhusu ule uji.

Kipimo kilisema ninayo. Mhudumu alikuwa yuleyule. Nilipomwambia kuhusu Davis alivua miwani akanitazama, akaniuliza kama najua mke wangu ana mimba ya miezi mingapi. Nikamwambia sita. Akasema, "Na wewe miezi yote hiyo ulikuwa unamtuma mwenzako?" Akaniambia pia kwamba baada ya tiba hiki kipimo cha haraka kinaweza kuendelea kusema ninayo kwa miaka, kwa hiyo nisihangaike kutafuta karatasi inayosema sina. Kinachotakiwa ni kadi yenye sindano tatu.

Tabitha, uliniuliza swali moja, na nikakujibu choo. Jibu ni hili: kuna mtu upande wa Taveta, tangu Februari. Hatukutumia kinga. Nilidhani kwa kuwa ni mtu mmoja, na ni msafi, na ana duka lake, basi. Jana nimemwambia. Alinitukana matusi ambayo sikujua yapo, kisha akaenda kupima. Huenda ni mimi niliyempa yeye. Sijui, na hilo nalo linanitesa. Mambo yangu na yeye yamekwisha.

Na sababu ya Davis. Sikuogopa kaswende. Niliogopa kile kipimo kingine kinachotoka kwenye tone lilelile. Kila nikifika mlangoni nilikuwa najiona tayari nimekufa, nikarudi. Nikaona afadhali nikulaumu wewe kuliko kujua. Kimesema sina, lakini mhudumu anataka nirudie baada ya miezi mitatu ndipo awe na uhakika, na wewe pia.

Mama, sikujua kuhusu masale. Ulinichapa kidogo mno.

Zitafuata tarehe 12 na 19. Tarehe 22 nitakuwa getini.

Praygod


Uru, 3 Machi 2025

Baba Grace,

Dada Salvina wiki hii hachukui ndizi zetu, mvua imeharibu njia ya shambani. Barua hii anaichukua hivyo hivyo.

Mtoto amezaliwa salama Jumatatu iliyopita, kilo tatu na robo. Alilia kabla hajatoka mwili mzima, mkunga akacheka. Mama alikuwa nje mlangoni, na aliposikia ile sauti alikaa chini kwenye veranda ya watu, na gauni lake la kanisani, hakuinuka mpaka wakamletea kiti. Wamempima damu, wamesema hali yake ni nzuri, na watamfuatilia miezi hii ya mwanzo wawe na uhakika. Anapenda upande wa kulia, kama nilivyokuambia.

Nakula supu ya mtori mpaka nachoka. Mama haniruhusu kugusa hata ufagio. Ng'ombe amepandishwa tena. Nilimwomba radhi yule mzee wa mifugo, akaniuliza kwa kosa gani, nikashindwa kumwambia.

Nakumbuka Krismasi ulivyosimama getini na begi, na Mama akikisoma kile kikadi mstari kwa mstari, akikielekeza kwenye jua aone kama mihuri ni ya kweli, majirani wanapita wanasalimia. Ulivumilia. Ulilala sebuleni siku zote nane bila kuulizwa. Niliona. Sikusema kitu kwa sababu hasira ilikuwa bado ipo, na leo nikikuandikia ipo. Inaamka asubuhi kabla yangu. Isikutishe, lakini usiniambie iondoke.

Kipimo cha pili cha virusi ni mwezi huu. Nesi Magreth ametupa Ijumaa tarehe 28, wewe, mimi na mtoto, saa mbili asubuhi. Mpaka majibu yatoke, na baada ya hapo mpaka nitakaposema mimi, ni kondomu au sebule. Bosi wako mwambie malori yasubiri.

Utakuja siku moja kabla, tutashuka pamoja. Tutapita mbele ya nyumba ya mwenyekiti, na kama anakunywa chai na wale watu wanne, wewe ndiye utakayewasalimia. Safari hii sina barua ya kumwomba.

Jina amepewa na Mama. Anaitwa Elizabeth. Amesema jina hilo alikuwa nalo tangu mwaka 1979, ila hakupata wa kumwita.

Tabitha